Mama Pacha Hakuacha Chuo

Fundi Friji alikuwa na mke msomi, na mtaa mzima ulijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe aliutangazia. Mteja akileta friji isiyopoza, kabla hajaulizwa ilianza lini kusumbua, alishaelezwa kwamba mke wa fundi anasoma chuo kikuu. Anasoma jioni, na anasomea biashara ya kimataifa. Mteja akiuliza hiyo ndiyo biashara gani, Fundi alijibu kwamba ni biashara ya nchi na nchi. Zaidi ya hapo hakujua. Hakuwahi kuuliza.

Mkewe, Mama Pacha, alifanya kazi katika ofisi ya wakala wa mizigo. Kazi yake ilikuwa kuandaa karatasi za makontena yanayosafirishwa kwa meli. Kwa miaka mingi aliandika majina ya bandari asizoziona, na bei za fedha asizozishika. Aliona mzigo mmoja ukitozwa ushuru mkubwa na mwingine mdogo, na hakujua kwa nini. Akiuliza ofisini, aliambiwa aandike tu. Alichoka kuandika tu. Ndipo alipojiandikisha chuoni.

Sasa alikuwa mwaka wa pili, na alikuwa amechoka uchovu mwingine.

Aliamka kabla ya wote. Alichemsha chai, akawaogesha pacha wake wawili wa kike, akawasuka nywele, akamkanda mama mkwe magoti kwa maji ya moto. Kisha alikwenda kazini. Kutoka kazini alikwenda chuoni. Akirudi nyumbani, alikuta vyombo vya mchana vikimngoja, na watu wanne wenye njaa wakimngoja pia. Alipika, akaosha, akafua sare za watoto. Wengine wakishalala, ndipo alipofungua vitabu.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Alikaa kwenye kiti chake, na mke akipita mbele yake na ndoo alimwambia, "Pole na masomo, Mama Pacha." Pole ni neno zuri, lakini haliwezi kuosha sufuria.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Siku moja Mama Pacha alitia chumvi kwenye chai. Siku nyingine alisinzia akiwa ameshika kijiko, chakula kikapoa mbele yake. Mmoja wa pacha alimwomba kalamu, naye akamjibu habari za kupanda na kushuka kwa thamani ya fedha. Watoto walicheka. Fundi naye alicheka, akawasimulia wateja wake karakanani.

Halafu ikaja Ijumaa ambayo haikuwa ya kuchekwa.

Mchana wa siku hiyo Fundi alipitia nyumbani kuchukua bisibisi. Alimkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mkoba begani. Alidhani anaumwa. Mama Pacha alimweleza polepole, kama mtu anayesoma habari za mtu mwingine. Kulikuwa na kontena la vitanda vya hospitali. Karatasi zake alizitayarisha yeye. Kuna bandari mbili ambazo majina yake yanakaribiana, nazo ziko katika nchi mbili tofauti. Yeye aliandika moja badala ya nyingine. Vitanda vilikwenda nchi isiyovihitaji, na wagonjwa waliovisubiri wangeendelea kusubiri mpaka ipatikane meli ya kuvirudisha.

Alisema hakumbuki hata kuandika jina lile. Alikuwa macho, lakini hakuwepo.

Meneja wake hakupiga kelele. Alimwambia kwamba mshika mawili, moja humponyoka. Akampa mapumziko mpaka Jumatatu. Akirudi, aseme anashika lipi: chuo au kazi.

"Basi acha chuo," Fundi alisema.

"Nitaacha."

Fundi alishangaa. Alikuwa amejiandaa kubishana naye. Huyu ndiye mwanamke aliyekula kiapo kwamba atavaa joho kabla nywele hazijawa nyeupe. Sasa alisema nitaacha kama mtu anayetua mzigo njiani kwa sababu mikono imekufa ganzi. Kisha alijilaza na kulala hapo hapo. Fundi alimvua viatu, akachukua bisibisi yake, akatoka.

Kesho yake asubuhi aliitwa ghorofa ya juu. Friji ya jirani ilikuwa ikivuja maji. Jirani huyo watu walimwita Mama wa Juu kwa sababu ya ghorofa yake. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, na kazi yake ilikuwa kuwashauri wanafunzi katika chuo kingine cha mjini. Fundi alipiga magoti nyuma ya friji, na huko nyuma ya friji, ambako hakuonekana uso, alijikuta anasema. Alimweleza habari za kontena, za meneja, na za mkewe kuacha chuo.

Mama wa Juu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia pole. Alimuuliza swali.

"Kwako nani anaamka kwanza?"

"Mama Pacha."

"Na nani analala mwisho?"

"Yeye."

"Hapo katikati, nani anapika?"

Fundi alikaza parafujo ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa. Alijibu kwamba ni mkewe pia. Aliulizwa kuhusu kufua, kuhusu maji, kuhusu watoto. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, na kila mara lilitoka kwa sauti ndogo zaidi.

"Fundi, wewe unajua vyombo hivi," Mama wa Juu alisema. "Friji ikifanya kazi mchana na usiku bila kupumzika, inakuwaje?"

"Inaunguza mota."

"Na ikiungua, unasema friji ni mbovu?"

Fundi alitoka nyuma ya friji, akafuta mikono. Kwa mara ya kwanza aliomba aelezwe.

Mama wa Juu alimweleza kwamba kati ya kuacha na kuendelea vile vile, kuna njia nyingine. Vyuo vingi vinamruhusu mwanafunzi anayefanya kazi kupunguza masomo. Badala ya masomo matano kwa muhula, anachukua mawili au matatu. Atachelewa kumaliza, lakini atamaliza. Na akizidiwa kabisa, anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa muda. Yale aliyokwisha kufaulu kwa kawaida hayapotei.

"Kosa ninaloliona kila mwaka ni moja," alisema. "Mtu anachoka, anaona haya, anatoweka bila kumwambia mtu. Chuo hakijui kwamba amechoka. Kinajua tu kwamba hakuja kwenye mtihani, basi kinamwandikia ameshindwa. Mwambie asitoweke. Kila chuo kina taratibu zake na siku zake za mwisho. Aende kwa mshauri wa chuo chake aulize, tena mapema."

Fundi aliuliza kama hiyo itatosha. Mama wa Juu alimtazama. Akasema masomo yakipungua lakini sufuria zikabaki zile zile, itakuwa ni kuhamisha maji kutoka ndoo hii kwenda ile.

Fundi alishuka ngazi taratibu. Nyumbani Mama Pacha alikuwa bado amelala, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuwahi kuliona. Mama yake Fundi, yaani bibi wa watoto, alikuwa ameketi sebuleni na magoti yake mabovu. Fundi aliketi karibu naye. Aliona haya kuanza, kwa hiyo alianza kwa kukohoa.

Alimwambia mama yake kwamba kuanzia siku ile yeye mwenyewe atapika jioni, na kuwaogesha watoto asubuhi. Alitegemea kuambiwa kwamba mwanamume hashiki mwiko. Badala yake Bibi aliuliza kwa nini na yeye hapewi kazi.

"Mama, magoti yako."

"Magoti ndiyo mabovu. Mikono ina nini?" Bibi aliikunjua mbele yake. "Tangu nimekuja hapa mnaniambia nipumzike. Nimepumzika mpaka nimechoka. Nipe mchele niuchague. Nipe nguo nizikunje. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mke wako mmemwacha awe kidole kimoja."

Mama Pacha alipoamka alikuta jikoni kuna moshi. Fundi alikuwa amepika wali. Juu ulikuwa mbichi, chini umeungua. Pacha waliutazama kwa makini. Mmoja akasema huu ni wali wa kimataifa, kwa sababu kila upande una nchi yake. Mama Pacha alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakukoma upesi. Bibi aliwapeleka watoto chumbani.

Fundi alimweleza yote aliyoambiwa juu. Mama Pacha alisikiliza akiwa ameshika paji la uso. Alisema wenzake watamaliza kabla yake. Alisema ataonekana mzito wa kuelewa. Fundi alimuuliza jambo ambalo alipaswa kumuuliza tangu mwaka wa kwanza.

"Hebu niambie. Unasoma nini hasa?"

Mama Pacha alifikiri, akamuuliza kama anakumbuka mota za friji alizoagiza kutoka nje, zikafika zimelowa. Fundi alizikumbuka vizuri. Muuzaji alikataa kuzirudisha, naye Fundi alimwita mwizi.

"Hakuwa mwizi," Mama Pacha alisema. "Mtu anapouza nje, wanakubaliana na mnunuzi mzigo ni wa nani akiwa wapi. Wengine wanakubaliana kwamba ukishapakiwa melini ni wa mnunuzi. Ukilowa baharini, hasara ni yake. Wengine wanakubaliana muuzaji aubebe mpaka mlangoni, na hapo bei inapanda. Wewe ulitazama bei tu. Hukuuliza mzigo unabadilisha mikono wapi, wala hukuukatia bima."

"Na haya unayajua siku zote?"

"Tangu muhula wa kwanza."

Fundi alikuwa amewatangazia watu wote kwamba ana mke msomi, na hakuwahi kumuuliza swali moja.

Jumatatu Mama Pacha alikwenda ofisini. Alimwambia meneja kwamba hataacha kazi wala hataacha chuo, bali atapunguza masomo. Alikiri kosa lake bila kujitetea. Kisha akaomba jambo moja: karatasi za kila kontena, ziwe zake au za mwenzake, zisomwe na mtu wa pili kabla hazijatoka. Meneja aliguna. Alisema hiyo itachelewesha kazi. Mama Pacha alisema vitanda vile vimechelewa zaidi. Meneja akakubali yote mawili kwa majaribio.

Jioni alikwenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwake. Alimkuta kijana mwenye macho mekundu, naye amechoka. Kijana alimwonyesha taratibu, akamwambia kwamba amewahi, siku ya mwisho haijafika. Masomo matano yakawa mawili.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Mama Pacha bado alipiga miayo. Wali wa Fundi ulichukua muda kuiva pande zote. Nywele za pacha alizisuka Bibi, kwa mtindo wa zamani, na shuleni walitaniwa. Kuna siku Fundi alifika kutoka karakanani miguu ikimuuma, akatamani kile kiti chake, na kiti kilikuwa na nguo za kukunja. Alizikunja. Vitanda vya hospitali navyo vilifika vilikotakiwa, vimechelewa, bila shukrani kutoka kwa mtu yeyote.

Matokeo ya muhula yalipotoka, Mama Pacha alikuwa amefaulu masomo yote mawili, na katika lile la mikataba ya biashara ya nje alikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri darasani. Hakukuwa na sherehe. Alikula, akaoga, akalala mapema. Wenzake watavaa joho kabla yake, na hilo bado lilimuuma kidogo. Lakini muhula mwingine ulipofunguliwa, jina lake lilikuwepo.

Uchovu haukuhama katika nyumba ile. Uligawanywa tu, na kila mmoja akabeba fungu lake.

Siku moja mteja aliingia karakanani na friji juu ya mkokoteni. Wakati Fundi akiifungua, mteja alimwambia kwamba mke wake naye anataka kusoma chuo, jioni, baada ya kazi. Alikuwa amesikia kwamba mke wa Fundi ni msomi. Akauliza mtu aanzie wapi. Aulize ada, au sifa za kujiunga, au chuo kizuri ni kipi.

"Hayo yote atayauliza chuoni," Fundi alisema, kichwa kikiwa ndani ya friji. "Kwanza wewe niambie. Unajua kupika wali?"