Pori Tupu Mashariki ya Mto

Rangi ya kijani ilikataa kukauka. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Mwalimu mstaafu amalize kuchora ramani ya kijiji kwenye ubao mpana, akausimamisha sebuleni kusubiri uzinduzi. Vilima vilikauka, mto ukakauka, shule na zahanati nazo. Kona moja tu, mashariki ya mto, alipoandika "pori tupu", ilikuwa bado mbichi, na ukisogeza pua ilinuka nyasi za paa zilizoungua.

"Umeizidishia maji," mkewe alimtania. "Ualimu umekwisha, ubahili umebaki."

Mwalimu alicheka, lakini moyoni hakucheka. Alifundisha jiografia miaka thelathini na alijua fika kwamba pale hapakuwa pori. Palikuwa na kaya kumi na saba kando ya chemchemi, mpaka babu yake, ambaye ramani ilimtaja kwa herufi kubwa kuwa mwanzilishi wa kijiji, alipoitamani chemchemi ile. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia, "Historia yetu iwe safi, Mwalimu," naye akaisafisha.

Adhuhuri ya siku ya nne wakasikia kinu. Twa, twa, kutoka nyuma ya ubao, ambako palikuwa na ukuta tu.

"Nani anatwanga?" mkewe alinong'ona.

"Jirani."

"Jirani hana kinu, mume wangu."

Kesho yake alimkuta mkewe amesimama mbele ya ramani, macho makavu, mikono imeshika mchi usioonekana, akiinua na kushusha, akiinua na kushusha, na kila aliposhusha kinu kililia na harufu ya moshi ikazidi, na Mwalimu alipomkamata viganja amzuie akaona vimechubuka hadi damu, na kwa sauti ya kikongwe ambayo haijapata kusikika nyumbani mle mkewe akasema, "Mahindi yetu yalikuwa bado kinuni mlipokuja."

Mganga, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alifukiza ubani, akanusa, kisha akauzima.

"Hapo mashariki palikuwa na nini?"

"Pori," alijibu Mwalimu, akitazama miguu yake.

"La kuvunda halina ubani, baba." Alikuwa ameshafunga mkoba. "Hawa siwafukuzi. Walishafukuzwa mara moja. Sema mbele za watu, kabla mkeo hajatwanga mifupa yake mwenyewe."

Aibu ilimshika Mwalimu hata akashindwa kumsindikiza mgeni mlangoni. Hata hivyo alitafuta upenyo. Alichora nyumba kumi na saba, chini yake akaandika "walihama". Nyumba zikakauka pale pale. Neno halikukauka, na mkewe hakuacha kutwanga.

Siku ya uzinduzi alimleta hivyo hivyo, viganja vimefungwa khanga, akamkalisha benchi la mbele. Mikono ilipanda na kushuka huku watu wakiona haya kumtazama. Mwalimu akasimama. Akalifuta lile neno kwa kidole.

"Hawakuhama," alisema. "Babu yangu aliwachoma moto ndani ya nyumba zao. Hakuwa peke yake, ila wengine watajisemea. Mimi nilijua tangu utotoni, nikawafundisha watoto wenu kwamba ni pori. Sina uso wa kuwatazama."

Mikono ya mkewe ikaanguka mapajani. Akavuta pumzi ndefu, akaomba maji.

Mwenyekiti aliinuka haraka. "Tumwie radhi Mwalimu, ugonjwa wa mama umemchanganya. Hayo mambo hayakuwapo. Na hata kama yalikuwapo, babu yangu mimi hakushika kiberiti."

Wote walikuwa wanatazama mikono yake, iliyokuwa imejiinua hadi kifuani, mmoja juu ya mwingine, kisha ikashuka. Twa. Alijaribu kuirudisha mfukoni, ikakataa. Nyuma yake, kwenye benchi la wazee, mikono mingine ilikuwa imeanza kupanda.