Ujumbe Uliopita Mbele ya Macho ya Bi Kasoro

Lifti ilijaa pomoni asubuhi ile. Jamaa mrefu mwenye shati la mistari alijaribu kujibana, akamwaga chai yake yote kwenye gauni la manjano la dada mmoja.

"Pole, dada! Nimekuharibia nguo."

"Nguo itafuliwa. Wewe ndiye mwandishi mpya wa programu? Basi jiandae, mimi ndiye nitakayekutafutia makosa."

Ofisi nzima ilimwita dada huyo Bi Kasoro, na yule jamaa wakamwita Mrefu. Mrefu aliandika programu ya miadi ya kliniki, na Bi Kasoro akaandika majaribio ya kuipima, yaliyojiendesha yenyewe kila siku. Mgonjwa akipangiwa siku, programu ilipaswa kuandika kwenye logi, yaani daftari lake la kumbukumbu, "Miadi imehifadhiwa." Ujumbe huo usipoonekana, jaribio liliwaka jekundu kwenye skrini kubwa ukutani.

Mwezi haukuisha, wakawa wanakula pamoja na kuitana "mpenzi" kwa utani. Kusema kweli, Mrefu alikufa akaoza, ila mdomo ulikuwa mzito. Kwa kuwa majaribio ya Bi Kasoro yalisoma logi kila siku, akachomeka humo ujumbe wa pili, akiamini atauona: "Bi Kasoro, nakupenda. Nijibu."

Majaribio yakapita. Kijani tupu. Wiki nzima hakujibiwa, maskini, akaomba uhamisho. Bi Kasoro naye akaamini Mrefu kapata mwingine, akalia chooni mara mbili.

Siku ya mwisho, Mrefu akiwa ameshatoka na mizigo yake, Bi Kasoro alimpigia simu.

"Unahama bila kuniaga? Nimekukosea nini?"

"Nilikwambia nakupenda, ukanyamaza!"

"Lini?"

"Kwenye logi!"

"We mwanaume una akili kweli? Jaribio langu linatafuta ujumbe mmoja tu. Likiuona, mengine halina habari nayo!"

Kwa hasira, akaliagiza jaribio likatae ujumbe wowote lisioutarajia, akaliendesha. Skrini ikawaka jekundu, na maneno ya Mrefu yakajitokeza kwa herufi kubwa. Ofisi ikaangua kicheko.

"Upuuzi gani huu?" bosi akafoka. "Ufutwe!"

"Haufutwi, bosi," Bi Kasoro akasema, machozi yakimlengalenga. Akauongeza kwenye orodha ya ujumbe wa lazima. "Kuanzia leo ujumbe huu usipokuwepo, jaribio linafeli."

Mrefu alikuwa amegeuza njia na kufika mlango wa ofisi, simu bado sikioni.

"Kwa hiyo... ni ndiyo?"

"Kafute uhamisho kwanza. Halafu useme kwa mdomo, hapahapa, nikusikie."

Mrefu akakata simu, akasogea hadi mezani kwake. "Nakupenda," akasema mbele ya wote, na Bi Kasoro akamwomba arudie.