Uzi Aliouleta Mteja

Jua lilikuwa linazama nilipotoka dukani na kopo la gundi. Mlangoni mwa karakana yetu ya viatu nikakutana na harufu kabla sijaona mtu... harufu ya nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko. Mume wangu, mkata ngozi, alikuwa amepiga magoti akimpima miguu mama mmoja mnene, amebana pumzi. Utepe ulipokazwa, nyama ya mguu ilibonyea na haikurudi.

Mama huyo alitaka buti za kufika magotini. Sharti lake lilikuwa moja tu. Alinitilia mkononi donge la uzi wa kijivu, wenye mafuta mafuta.

"Shona kwa huu tu, mwanangu."

Kushona ni kazi yangu. Nilifundishwa na mama mkwe, ambaye sasa macho yamemwisha, hukaa pembeni akitukosoa kwa masikio. Tangu niolewe ananigombeza kwa jambo moja: kulowesha ncha ya uzi mdomoni kabla ya kuitia sindanoni. Nta ipo, maji yapo, mdomo wa nini? Lakini mazoea yana taabu.

Uzi ule ulikuwa na chumvi, na ladha ya mafuta yaliyochacha. Nikatema, nikafuta ulimi kwa aproni. Sindano iliyofuata, mjinga mimi, nikaulamba tena. Hadi buti zinakwisha nilikuwa nimeuonja wote.

Mama yule alikuja kuzichukua siku chache baadaye, jioni, mume wangu akiwa ametoka. Alizivaa, akasimama.

Tumbo langu likavutwa.

Akapiga hatua, likavutwa tena. Alinitazama, akatabasamu, akaenda zake.

Kitu kikanitekenya kooni. Niliingiza vidole nyuma ya ulimi, nikakishika. Uzi. Nikauvuta ukaja, wa moto, umejaa ute... ukaja tena... Nikatapika huku navuta, na haukuisha.

Mama mkwe alisikia ninavyokokomoa. Alipapasa hadi nilipo, akaushika, akaunusa, kisha akajifuta mkono kwenye kanga kwa nguvu.

"Uliulamba?" alinong'ona.

Nilimbana mkono, akaelewa. Aliniambia kwamba fundi aliyemfundisha aliwahi kuletewa uzi wa namna hiyo. Husokotwa kwa nywele na jasho la mtu ambaye miguu imemfia, ili atakayeulamba ambebee mwendo. Zaidi ya hapo alijua jambo moja tu.

"Ukiukata, uliobaki tumboni utaota humo. Ukiuvuta, yeye atarudi."

Mkasi ulikuwa mezani. Niliogopa, sikatai. Lakini kinyaa kilishinda woga. Nisingeweza kulala hata usiku mmoja na kitu cha miguu ile tumboni.

Nikavuta.

Ko...

Ilikuwa sauti ya kisigino, kule barabarani. Nikavuta tena.

Ko... ko...

Kila nilipovuta, buti zilisogea. Mama mkwe alinishika bega. Harufu ikapenya chini ya mlango. Buti zikasimama hapo.

"Acha, mwanangu," sauti ilisema nje, kwa upole kabisa. "Bado nina safari."

Uzi ukaniponyoka. Ukaanza kurudi mdomoni, polepole, na ute wake wote, na koo langu likaumeza bila kuniuliza.

Mume wangu amenipeleka kwa madaktari, wanasema sina kitu. Nakula, nashona, nacheka na wateja. Ila kila chakula kina ladha ile ya chumvi. Na huko aliko yule mama, akipanda mlima, mimi ndiye ninayehema.