Taa ya Chumbani kwa Marehemu Beno

Jua lilikuwa linazama upande wa Katindiuka fundi Theodori alipobeba ngazi yake kwenda nyumbani kwa Levina, pale Viwanja Sitini. Kazi aliyoitiwa ilikuwa ya dakika kumi tu. Jana yake alikuwa amemfungia taa mpya za dari, zile bapa za wati tisa, maana balbu za zamani zilikuwa zinamaliza umeme wa LUKU kabla ya wiki kuisha. Walizichagua pamoja dukani, Levina akitaka mwanga wa njano usioumiza macho. Leo mama wa watu kapiga simu, sauti ya chini.

"Fundi... ya chumbani haizimiki."

Theodori alijua kwa nini. Hapo ndipo pabaya, jamani. Alijua tangu siku nyingi.

Nyumba ile aliifunga umeme yeye, miaka minne iliyopita, tena kwa haraka, kwa sababu masika yalishaanza na shamba lake la mpunga lilikuwa linamsubiri. Waya mwekundu, ule wa moto, ukamwishia, chumba cha kulala akakimalizia kwa mweusi mtupu. Waya zikafanana, akazikosea. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto, lakini ya chumba kile ilikata ule mwingine. Ukizima, taa inazimika, ila moto unabaki kule juu darini. Balbu za zamani huificha siri hiyo. Hizi mpya hazifichi: ukizizima, zinabaki zinawaka kwa mbali.

Mwaka jana Beno, mume wa Levina, alizima swichi, akapanda stuli abadilishe balbu. Akashuka maiti.

Mtu kafa na swichi imezimwa! Watu wangesema nini? Uchawi. Na mchawi hakukawia kupatikana: bibi Scolastica, shangazi yake Beno, aliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Ukoo ukampeleka kwa mganga, akanyolewa kichwa kizima na kupakwa dawa ili uchawi umtoke. Akazimia wembe ukiwa kichwani, moyo wake ulikuwa mbovu siku zote. Alipozinduka wakamhamishia Lupiro, ng'ambo ya mto.

Theodori alikuwepo siku ile. Alimwona yule bibi anamtazama yeye, yeye peke yake kati ya watu wote, wembe unapita... krrr... krrr... Akainamisha uso. Neno moja tu lingemwokoa bibi wa watu, na hakulisema. Alikuwa mwoga, basi, hakuna jina zuri zaidi la kumpa.

Levina alimpokea mlangoni, kajifunga khanga, macho mekundu. Hakumpa hata kiti. Alimwongoza moja kwa moja chumbani.

Swichi ilikuwa imezimwa. Taa ilikuwa inawaka, kwa mbali...

Na chumba kilinuka. Majani mabichi yaliyopondwa, na majivu. Dawa ile ile aliyopakwa bibi siku ya kunyolewa.

"Usiku kucha ilikuwa hivi," Levina alinong'ona. "Ni Beno huyu. Shangazi bado amemshikilia. Asubuhi nikamwambia shemeji Maximilian kwamba ishara imerudi."

"Akasemaje?"

"Wameondoka na pikipiki saa tisa. Wanakwenda kumnyoa tena."

"Leo?"

"Leo hii."

Hapo ndipo angesema. Simu alikuwa nayo mfukoni! Lakini mtu mwenye kosa ana hesabu zake. Alijiambia atengeneze kwanza, kisha amwambie ni taa mbovu, Maximilian arudishwe, na yeye abaki na heshima yake mjini.

"Taa tu hiyo, dada," alisema. "Ngoja niirekebishe."

Akazima swichi kubwa ya nyumba, akapanda ngazi. Akabadilisha zile waya mbili, akazifunga tepu, akarudia kuzikagua. Kazi safi, ile aliyopaswa kuifanya miaka minne iliyopita. Akawasha umeme. Akawasha taa. Akaizima.

Giza.

Theodori akashusha pumzi. Aliona hata aibu kwa furaha aliyoisikia.

Kisha taa ikawaka tena. Kwa mbali...

Alikimbilia swichi kubwa, akaizima. Friji ikanyamaza. Nyumba nzima ikawa giza, isipokuwa kile chumba. Akapanda tena, akaibandua taa darini na kuishika kiganjani. Haikuwa na betri. Haikuwa na waya.

Ilikuwa inawaka.

Juu ya dari kitu kikaanza kukwaruza, polepole, bila kukosea mapigo.

Krrr... krrr...

"Unasikia?" Levina alinong'ona.

"Nasikia."

"Ni shangazi?"

Theodori alishuka ngazi akakaa chini sakafuni.

"Siyo shangazi. Shangazi hakufanya kitu chochote, dada Levina. Ni mimi. Nilikosea waya za chumba hiki. Beno alipokufa nilijua, na jana nilipoijaribu taa nikaona, nikanyamaza tena. Beno nimemuua mimi."

Taa ikazimika.

Darini kimya.

Levina hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Siku ile shangazi ananyolewa, kichwa chake nilikishika mimi." Halafu akashtuka mwili mzima, akapapasa simu kitandani. "Maximilian! Mungu wangu, Maximilian!"

Simu ikaita. Ikaita... Ikapokelewa.

"Shemeji, mwacheni! Mwacheni shangazi, hana kosa!"

Upande wa pili watu walikuwa wanalia.

"Amefariki, shemeji. Sasa hivi tu. Hatukuwa tumefika hata nusu ya kichwa. Alikuwa anatusihi, ghafla akanyamaza, akatabasamu. Akasema, 'Niacheni, fundi ameshasema.' Akakata roho mikononi mwangu. Shemeji... ni fundi gani huyo?"

Theodori alitaka kukimbia, Mungu anajua alitaka, lakini mwili ulimkatalia. Aliwaza zile dakika zote alizozimaliza juu ya ngazi, anafunga tepu vizuri, anarudia kukagua, bibi yuko chini ya wembe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Gizani mkono wa Levina ukamtafuta, ukampata. Akamshikisha simu.

"Mwambie," alisema. "Mwambie wewe."