Maikrofoni ya Makina

Akoth aligonga spika iliyowekwa kando ya njia kwa karai lake la sukuma wiki, watu wakimiminika kutoka msikiti wa mtaa wa Makina.

"Pole pole, sista! Huyo ni bibi yangu," alisema mwenye spika, kijana wa mtaa wa Kongo, Kawangware, aliyevaa shati la manjano lililonyooshwa vizuri.

"Bibi hana hata miguu?"

"Ndiyo maana hajanikimbia."

Akoth alicheka. Hakuwa amecheka tangu watu wasiojitambulisha walipomwingiza Nicanor, mdogo wake, kwenye gari lisilo na namba.

Kijana aliitwa Murunga. Alikodisha vyombo vya sauti kwa mikutano, na kamati ya Bunge ilikuwa inakuja Makina kusikiliza maoni kuhusu mswada wa kuwapa wabunge nguvu ya kuhoji majasusi.

"Nitaongea," Akoth alimwambia kwa simu, walipokuwa wameshapendana. "Kila mtu ambaye majasusi wanamshika, kamati ijulishwe kesho yake."

"Ongea, mpenzi. Maiki nitakushikia mwenyewe."

Siku ilipofika, Akoth alivaa gauni la bluu la kanisani. Alipotamka, "Ndugu yangu, Nicanor," maikrofoni ikakatika. Mwenyekiti akamwita mwingine.

Murunga ndiye aliyeizima.

"Kuna majamaa nyuma wanampiga picha kila anayeongea," alijitetea nje. "Niliogopa watakuchukua pia."

"Wao walimchukua Nico. Wewe umechukua jina lake. Usinipigie tena."

Murunga alipiga. Simu haikushikwa.

Kikao cha mwisho cha kamati kilikuwa Kawangware. Akoth alikwenda, akaketi nyuma bila kumsalimu. Wapiga picha wale wa Makina walikuwepo. Murunga alifunga nyaya, akawasha maikrofoni, kisha akaingia kwenye foleni ya wananchi.

Zamu yake ikafika.

"Naitwa Murunga, naishi Kongo. Kama ni picha, pigeni. Nicanor wa mtaa wa Silanga alichukuliwa, na hakuna aliyeulizwa. Sheria iseme mtu akishikwa, Bunge lijulishwe kesho yake, na wabunge waruhusiwe kuingia pale alipofungiwa, wamwone kwa macho."

Karani wa kamati aliinua kichwa. "Wewe ni nani wake?"

Murunga alitazama nyuma. "Shemeji. Kama dada yake atakubali."

Ukumbi ulicheka. Akoth alisimama, akaenda mbele polepole, akaichukua maikrofoni mkononi mwa Murunga.

"Andikeni hivyo," alisema. "Lakini jina la Nicanor litangulie."