Alisema Amefunga

Katikati ya msukumano wa asubuhi pale stendi ya mabasi, muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango alisimama kwa mguu mmoja kama korongo. Sare yake nyeupe ilikuwa imenyooka, nywele kazibana nyuma, soli ya kiatu iko mkononi.

"Dada, hicho kiatu kimekuomba talaka," akasema fundi viatu.

"Basi tusuluhishe, kaka, nachelewa kazini!"

Fundi akakipiga gundi na uzi, wakacheka, wakapeana namba. Miezi ikapita. "Dada" akawa "mpenzi", na "kaka" akawa "Bwana Gundi", kwa jinsi alivyomganda.

Ndoa ilipoanza kutajwa, penzi likakwamwa na mfupa kooni. Muuguzi alitaka watoto wapishane vizuri. Fundi, aliyelelewa kanisani, akashtuka.

"Mtoto ni baraka, mpenzi. Baraka nayo inapangiwa foleni?"

"Dada yangu alizaa mfululizo," muuguzi akajibu taratibu. "Wa tatu hakumwona hata uso. Mwili wa mama unahitaji muda upone. Hilo nililisoma darasani, kisha nikalisoma makaburini. Siwezi kuolewa na mtu asiyelisikia."

Siku hiyo kila mmoja alishika njia yake bila kuagana. Kesho yake fundi akapiga simu.

"Bado umenuna?"

"Sijanuna. Nimefunga."

"Umefunga?"

"Ndiyo. Nimeamua mwenyewe, kwa ajili yetu. Tutaongea, wagonjwa wananisubiri."

Simu ikakatika. Fundi akabaki na nyundo hewani. Kwa mtu wa kliniki ile, kufunga ni kufunga nini kama si kizazi? Akakimbilia kwa mama yake, akamweleza karibu kulia.

Mama alimsikiliza huku akichambua mchele.

"Hata kama amefunga, ulimpa nafasi ya kuamua na wewe? Mwanangu, mimi baada ya kukuzaa nilimeza vidonge, na kanisani sikukosa."

"Wewe, mama?"

"Mimi huyu. Wenzangu waliona vidonge ni dhambi, wakafuata siku zao za mwezi. Sikuwacheka. Kila mtu alipiga magoti na dhamiri yake. Ila baba yako hakuniacha nipige magoti peke yangu. Ndiyo maana namshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo."

Fundi alishindwa kuinua macho. Jioni akamsubiri mchumba wake kwenye geti la kliniki.

"Mpenzi, hata kama umeshafunga kizazi, bado nakutaka. Nisamehe nilivyokuacha uamue peke yako."

Muuguzi akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka mlinzi akageuka.

"Wewe mwanaume! Nimefunga kula! Namwomba Mungu akulainishe moyo. Tangu jana sijatia kitu mdomoni!"

"Basi amekujibu," fundi akasema, kicheko na machozi vikigombea uso wake. "Tuwapishanishe watoto. Utanifundisha njia zote, faida zake na kasoro zake, tuchague pamoja kwa maombi. Utakubali nikuoe?"

"Kwanza niombee nifungue."

Akamshika mikono palepale, watu wakipita.

"Baba, asante kwa huyu aliye hai mbele yangu. Asante kwa watoto utakaotupa. Na asante kwa akili uliyotupa, ya kuwasubiri bila kumpoteza mama yao."

"Amina," muuguzi akasema, bila kuachia mikono. "Na ndiyo."