Hodi Aliyoiandika Nthoki

Jumatatu ile Nthoki alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Kabla hajatia ufunguo mlangoni, sauti ya kikongwe ikasema kutoka ndani, "Karibu."

Alifungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na viti, kabati la mafaili, na harufu ya blanketi lililolowa na moshi wa koroboi. Harufu hiyo aliijua, na kwa kuijua aliona haya, ingawa alikuwa peke yake.

Kazi ya ustawi wa jamii alikuwa ameitafuta miaka mitatu, tangu mwaka wa sabini na sita, viatu vikimwishia miguuni huku akiulizwa kila ofisi ana mtu gani ndani. Alipoipata, mama yake alichinja jogoo, akawatangazia majirani wote wa Makadara, hata wasiouliza. Lakini alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Kosa moja, na angerudi kuhesabu milango.

Na kosa alikwisha kulifanya wiki ya kwanza. Mkubwa wake, Bwana Masinde, alimtuma mtaa wa Baba Dogo kumwona Bi Teresiah, ajuza mgonjwa aliyeishi peke yake na aliyekuwa ameahidiwa mgeni kutoka ofisini. Nthoki alifika hadi mlangoni. Harufu ya mle ndani ikampiga usoni, akatazama viatu vyake vipya, akageuka. Hata mkono hakuuinua. Ofisini akaandika kwa mwandiko mzuri: Nilibisha hodi mara tatu. Sikujibiwa.

Siku tatu baadaye jirani aliusukuma mlango ule, ambao haukuwa umefungwa, akamkuta bibi amekufa.

"Kila akisikia nyayo alikuwa anasema karibu," jirani alieleza ofisini. "Karibu, karibu, kutwa nzima. Sisi tulidhani anaongea na watu wenu."

Masinde aliisoma ripoti mbele ya wafanyakazi wote. "Mnamwona Nthoki? Angalau yeye alibisha."

Wakampigia makofi. Nthoki alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu Jumatatu ile kila mlango ulimkaribisha. Mlango wa stoo, mlango wa choo, na hata mlango wa chumba chake mwenyewe, mchana kweupe, mama yake akiwa sokoni, ukavu ule ule wa sauti ukimtangulia kabla hajagusa kitasa, na harufu ya blanketi ikimfuata kitandani, mezani, kwenye nywele, hata akaanza kula uani ili asipite mlangoni.

Jirani yao wa Makadara, Mama Fadumo, ndiye aliyempeleka Eastleigh kwa Maalim Mursal. Maalim alimsomea kitabuni, kisha akaachia katikati.

"Binti yangu, huyu si marehemu. Ni jini aliyeingia chumba cha mtu aliyekufa akingoja. Ulipofika pale, ulibisha?"

"Mara tatu, maalim," Nthoki alinong'ona. Hata hapo.

Kutoka chumba cha ndani, kilichokuwa kitupu, sauti ikasema, "Karibu."

Maalim alifunga kitabu. "Uongo wako ndio kamba aliyoishika. Mwambie ukweli yule uliyemwandikia, kisha urudi. Mimi siwezi kusoma juu ya uongo."

Kesho yake alisimama mbele ya Masinde. "Mzee, nina neno kuhusu marehemu Teresiah."

"Hata mimi ninalo." Masinde alimsogezea barua. "Umethibitishwa kazini. Ripoti yako ndiyo iliyotuokoa na lawama za kifo kile. Haya, sema lako."

Nthoki aliitazama barua, akamkumbuka jogoo wa mama yake. "Nilitaka kusema tu kwamba nimesikitika," alisema.

Jioni, jua halijazama, alifika nyumbani. Mama alichukua barua mbio kwenda kuwaonyesha majirani. Nthoki aligusa mlango wa chumba chake, akangoja. Kimya. Aliingia, akavua viatu, akalia kwa nafuu na kwa aibu.

"Hodi," ikasema sauti nje.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Hodi." Harufu ya blanketi ikapenya chini ya mlango.

"Hodi."

Nthoki alijiziba mdomo kwa mikono miwili, maana alilihisi neno likimpanda kooni. Lilimtoka kati ya vidole, kavu, la kikongwe.

"Karibu."

Mlango haukuwa umefungwa.